Macdonald wa Karari na Macdonald wa Uganda: ni nani aliyeliokoa jeshi la Kitchener?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjukuu wa Wanubi wa Kibra. Tangu utoto tunaambiwa kwamba babu wa babu yetu alikuwa askari chini ya Macdonald, na kwamba kikosi cha huyo Macdonald ndicho kilichowaokoa Waingereza katika vita vikubwa vya Sudan. Lakini shuleni nilisoma kwamba Macdonald ndiye aliyepigana na askari wa Kisudani walioasi Uganda mwaka 1897. Mtu anawezaje kuwaongoza na tena kuwapiga? Na hiyo habari ya kuliokoa jeshi ni ya kweli, au ni sifa za wazee tu?

Jibu: Marahaba, mjukuu wetu. Swali lako lina fundo ambalo nimeona likiwasumbua wengi, basi nianze kwa kulifungua: akina Macdonald walikuwa wawili. Mmoja ni Hector Archibald Macdonald, Mskoti aliyekuwa ofisa katika jeshi la Misri, ambalo wakati ule liliongozwa na maofisa wa Uingereza, na ambaye brigedi yake ya askari wa Kisudani ilipigana Karari, nje kidogo ya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898. Wa pili ni James Ronald Leslie Macdonald, mhandisi wa jeshi, yule aliyepima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria mwaka 1891 na 1892, na ambaye msafara wake wa 1897 ndio uliowasha maasi ya Wasudani wa Uganda. Hector hakuhudumu Uganda. James hakuwapo Karari. Ila jina ni lile lile, miaka ni ile ile, na askari wa pande zote mbili wana asili moja. Masimulizi ya ukoo yakipita vizazi vinne, si ajabu watu wawili wakawa mmoja.

Ama kuhusu kuliokoa jeshi, wazee hawakutia chumvi. Karari kulikuwa na muda, pengine chini ya saa moja, ambapo brigedi moja ilisimama peke yake kati ya balaa na jeshi la Kitchener, jenerali Mwingereza aliyeongoza majeshi ya Uingereza na Misri kuiteka Sudan. Hilo limeandikwa na watu waliokuwapo. Ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni hili: sifa ya siku ile alipewa nani, na nani alistahili kupewa.

Hector Macdonald alizaliwa mwaka 1853 karibu na Dingwall, kaskazini mwa Uskoti, mtoto wa mkulima mdogo. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigaeli. Kijana alianza kazi katika duka la nguo, kisha mwaka 1870 akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida, katika kikosi cha Gordon Highlanders. Jeshi la Uingereza la wakati ule lilikuwa la matabaka. Uofisa ulikuwa wa watoto wa matajiri, na askari aliyeanzia chini alistaafu chini. Yeye alipanda ngazi hadi sajenti, akapigana Afghanistan mwaka 1879 na 1880, na ushujaa wake huko ukampatia uofisa. Mwaka 1881 alikuwa Majuba, Afrika Kusini, siku Waingereza waliposhindwa vibaya na Makaburu. Alitekwa, na inasimuliwa kwamba jenerali wa Makaburu, Joubert, alimrudishia upanga wake kwa kuheshimu alivyopigana.

Miaka hiyo ya chini ina uzito katika habari yetu. Mtu aliyewahi kucheza kwata, kubeba mzigo na kupiga foleni ya chakula anajua askari anawaza nini. Mwaka 1888 alikabidhiwa batalioni ya 11 ya Kisudani katika jeshi la Misri, na kwa miaka kumi iliyofuata hakuachana na Wasudani: Toski mwaka 1889, Tokar 1891, Firket Juni 1896, Abu Hamed Agosti 1897, Atbara Aprili 1898. Kabla ya vita vya Abu Hamed waliandamana zaidi ya kilomita 200 kando ya Nile kwa siku zisizofika kumi, wakitembea usiku kwa sababu ya joto, kisha wakashambulia mji alfajiri. Batalioni ya 10 ilipoteza watu wengi katika shambulio lile, wakiwamo maofisa wawili wa Kiingereza.

Sasa hao askari walikuwa nani? Hapa ndipo habari inapokuhusu wewe. Batalioni za Kisudani, namba 9 hadi 14, zilijazwa na watu wa kusini mwa Sudan na milima ya Nuba: Washiluki, Wadinka, Wanuba na makabila mengine mengi. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa watoto au vijana na kuuzwa utumwani. Wengine walikuwa askari wa bunduki wa upande wa pili, wale walioitwa jihadia, ambao Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan aliyemrithi Mahdi, kiongozi wa dini aliyewaondoa Wamisri nchini, naye aliwapata kwa njia hiyo hiyo. Walipotekwa vitani, walivalishwa sare nyingine na kuandikwa katika batalioni za Misri. Baada ya Atbara jambo hili lilifanyika waziwazi, mateka wakiingizwa katika batalioni zile zile zilizowateka. Mkulima wa Misri aliyeandikwa jeshini alikuwa na miaka yake ya kuhesabu, kisha akarudi shambani. Msudani aliandikwa maisha. Batalioni ndiyo iliyokuwa kijiji chake. Wake na watoto walikaa kando ya kambi, wakihama nayo, na Kiarabu cha kambini kikawa lugha ya watu waliotoka katika lugha ishirini tofauti. Kinubi unachokisikia kwa bibi yako kina mizizi katika Kiarabu cha namna hiyo.

Kwa hiyo usiwafikirie kama watu waliochagua upande. Wengi hawakuulizwa. Walichokuwa nacho ni kazi waliyoijua kikamilifu, wenzao wa kulia na kushoto, na ofisa waliyemzoea.

Tufike Karari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, Kitchener alilaza jeshi lake kando ya Nile, nyuma ya ua wa miiba na mahandaki mafupi, mgongo ukielekea mtoni ambako kulikuwa na meli za mizinga. Alikuwa na watu kama 25,000, theluthi moja Waingereza, waliobaki Wamisri na Wasudani. Khalifa alikuwa na watu wapatao 50,000. Waingereza waliwaita madervishi. Wenyewe walijiita Ansari, nami nitatumia jina lao. Kulipopambazuka, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, wimbi la kwanza la Ansari lilivuka uwanda ulio wazi kuelekea ua ule. Walikatwa na mizinga, bunduki za Maxim na risasi za askari wa miguu kabla hata hawajakaribia. Kufika saa mbili asubuhi uwanda ulikuwa umejaa miili.

Kosa la Kitchener lilifuata hapo. Alidhani vita vimekwisha. Mji wa Omdurman ulikuwa kusini, kama kilomita kumi, naye alitaka kuuingia kabla Ansari waliobaki hawajarudi kujifungia ndani ya kuta zake. Mnamo saa tatu aliamuru jeshi zima litoke kwenye ua na kuelekea mjini, brigedi zikipangwa ngazi ngazi. Brigedi mbili za Waingereza zilizokuwa mbele zilienda mbio. Macdonald alipangwa mwisho kabisa, upande wa kulia, ule wa jangwani, kwa kuwa Jenerali Hunter aliona brigedi yenye uzoefu mkubwa kuliko zote ikae mahali pa hatari kuliko pote. Ili ashike nafasi hiyo ilimbidi kwanza aende magharibi huku wenzake wakienda kusini. Pengo likawa linapanuka kila dakika, hadi brigedi yake ikabaki peke yake jangwani, watu kama 3,000 pamoja na mizinga 18, na msaada wa karibu ukiwa mbali mno kwa mtu wa miguu.

Ambacho Kitchener hakukijua ni kwamba sehemu kubwa ya jeshi la Khalifa ilikuwa haijapigana bado. Nyuma ya kilima cha Surgham, kusini magharibi, alikuwako Yakubu, ndugu wa Khalifa, na kikosi chake kilichoitwa Bendera Nyeusi. Na nyuma ya vilima vya Karari, kaskazini, walikuwako Uthman Sheikh al-Din, mwana wa Khalifa, na Ali wad Hilu mwenye bendera ya kijani, waliokwenda huko asubuhi wakiwafukuza wapanda farasi wa Kimisri. Makundi yote mawili yalihesabika kwa maelfu mengi, na katikati yao, bila ya mwingine, walisimama Macdonald na batalioni zake nne: ya 9, ya 10 na ya 11 za Kisudani, na ya 2 ya Kimisri.

Hunter alipoona hali ilivyo alituma amri Macdonald arudi nyuma. Hakurudi. Mimi naona hapa ndipo uzoefu wa sajenti wa zamani ulipofanya kazi yake. Askari wa miguu akimgeuzia mgongo adui anayekimbia, kwenye uwanda usio na kichaka, hafiki mbali. Alibaki pale pale, akaufungulia moto ukuta wa watu wa Yakubu waliokuwa wakija kutoka magharibi.

Fikiria silaha walizokuwa nazo. Waingereza wenyewe walikuwa na bunduki mpya za Lee-Metford, zinazobeba risasi kadhaa kwa pamoja. Wasudani na Wamisri walikuwa na Martini-Henry, bunduki ya risasi moja moja: unavuta wenzo chini, ganda linatoka, unaweka risasi nyingine kwa mkono, unafunga, unalenga. Baruti yake ilitoa moshi mzito mweupe, na baada ya mizunguko michache mtu hamwoni anayempiga. Askari wa namna hiyo akishikwa na hofu huanza kupiga ovyo, na risasi zikiisha hana tena kitu ila singe. Inasimuliwa kwamba mwanzoni baadhi ya askari walianza kupiga mapema bila amri, na Macdonald akaendesha farasi wake mbele ya mstari, mbele ya midomo ya bunduki zao wenyewe, akiwakemea mpaka wakatulia na kungoja amri.

Bendera Nyeusi ilipunguzwa nguvu na mizinga ya pande zaidi ya moja, lakini iliendelea kuja. Yakubu aliuawa chini ya bendera yake, na watu waliomzunguka walianguka pale pale. Walioandika upande wa washindi hawakuficha mshangao wao kwa ujasiri huo.

Shambulio hilo lilikuwa halijaisha vizuri pale Ansari wa kaskazini walipotokea vilimani. Kwa hiyo brigedi iliyokuwa ikitazama magharibi sasa ilikuwa inaelekea kupigwa ubavuni na mgongoni. Macdonald hakuwa na askari wa akiba wa kutosha kufungua mstari wa pili. Ilimbidi auzungushe huo huo alionao, kama mlango unaozunguka kwenye bawaba, na adui wa kwanza akiwa bado anapiga.

Wasiowahi kushika bunduki huona hili ni jambo dogo. Mwulize mwanajeshi yeyote. Kugeuza mstari wa watu elfu tatu kwenye uwanja wa gwaride, kukiwa kimya, huchukua siku nyingi za kwata. Hapa kulikuwa na moshi, kelele, majeruhi wanaolia, na farasi wa adui wanaonekana. Macdonald alizitoa batalioni moja baada ya nyingine kutoka upande uliokuwa umepoa na kuzipeleka upande uliokuwa unawaka, huku zilizobaki zikiendelea kupiga risasi ili kufunika mwendo wa wenzao. Kila batalioni ilipaswa kuacha kupiga, kusimama, kugeuka, kutembea kwa safu mgongo ukiwa wazi kwa adui, kupanga mstari upya na kuanza kupiga tena. Kombania moja tu ingekatika na kukimbia, mlango wote ungevunjika.

Haikukatika hata moja. Na nisisahau batalioni ya 2, watoto wa wakulima wa Misri, ambao vitabu vingi vya zamani viliwadharau: nao walisimama imara sawa na Wasudani.

Ansari wa kaskazini walifika karibu sana. Wapanda farasi wao walikuja mbio mara ya mwisho, mkupuo mmoja, wakaangushwa mmoja mmoja mbele ya mstari. Mwishoni askari wa Macdonald walikuwa wamebakiwa na risasi mbili au tatu kila mtu. Kitchener alikuwa ameshageuza brigedi nyingine kuja kusaidia, na kikosi cha Lincoln cha Waingereza kilifika mbio upande wa kulia katika dakika zile za mwisho, kikasaidia kuwarudisha nyuma waliobaki. Kabla ya saa sita mchana bunduki zilikuwa zimenyamaza.

Kulikuwa na bahati pia, na mtaalamu asiyeitaja anakudanganya. Makundi mawili ya Ansari hayakushambulia kwa wakati mmoja. Yalipishana kwa dakika chache, na dakika hizo ndizo zilizompa Macdonald nafasi ya kuzungusha mlango wake. Yangekuja pamoja, sidhani kwata yoyote duniani ingetosha.

Hesabu ya siku ile: upande wa Kitchener walikufa watu wasiofika 50. Upande wa Ansari walikufa zaidi ya 10,000, na maelfu wengine walijeruhiwa, wengi wao wakiachwa uwandani juani bila msaada au kumaliziwa pale pale, jambo lililolalamikiwa hata Uingereza kwenyewe. Ukiwaza kwamba katika jihadia wa Khalifa walikuwamo watu wa makabila yale yale ya batalioni za 9, 10 na 11, pengine wa kijiji kimoja, pengine wa tumbo moja, utaona kwa nini mimi siwezi kulisimulia jambo hili kama ngoma ya ushindi. Ushujaa ulikuwapo, tena pande zote mbili. Lakini wale walioutoa hawakuwa na mengi ya kupata.

Sifa zilikwenda Uskoti. Macdonald alipokewa kwao kwa shangwe, akateuliwa kuwa msaidizi wa heshima wa Malkia Victoria, na Bunge likamshukuru. Baadaye aliongoza brigedi ya Waskoti katika vita vya Makaburu baada ya Jenerali Wauchope kuuawa Magersfontein, akajeruhiwa Paardeberg mwaka 1900, akapewa cheo cha Sir, akapelekwa Ceylon kuongoza majeshi ya huko. Mwaka 1903, akikabiliwa na tuhuma kuhusu mwenendo wake ambazo zingempeleka mbele ya mahakama ya kijeshi, alijiua katika hoteli jijini Paris. Alikuwa na miaka 50. Hapo Dingwall kuna mnara mrefu wa mawe wa kumkumbuka.

Askari wake hawana mnara wa namna hiyo. Katika habari za vita, maofisa Waingereza wanatajwa kwa majina yao, na Wasudani kwa sehemu kubwa wanatajwa kwa namba ya batalioni. Ndiyo maana nasema jibu sahihi la swali lako ni kwamba brigedi ililiokoa jeshi, na Macdonald aliiongoza vyema. Ofisa mmoja juu ya farasi anaweza kuamua mstari ugeuke. Hawezi kuugeuza. Walioweza ni askari waliokuwa wamefanya kwata ile kwa miaka mingi, na ambao moyo haukuwatoka.

Sasa turudi kwa babu yako, maana nadhani ndicho kilichokuleta. Wengi wa mababu wa Wanubi wa Uganda na Kenya walitoka Ikweta, mkoa wa kusini kabisa wa Sudan uliotawaliwa na Emin Pasha kwa niaba ya Misri. Vita vya Mahdi vilipowakatia njia ya Misri, walibaki huko chini ya ofisa wao Selim Bey hadi Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiitwaa Uganda, alipowachukua kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Askari wa namna hiyo hawakuwa na njia ya kufika Karari mwaka 1898. Macdonald waliyemjua ni yule mhandisi. Mwaka 1893, alipokuwa akikaimu utawala wa Uganda, Selim Bey alikamatwa na kuondolewa nchini, akafia njiani huko Naivasha. Askari hawakulisahau. Mwaka 1897 walipoamriwa kumfuata Macdonald huyo huyo katika safari ndefu ya kaskazini, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mishahara midogo iliyocheleweshwa, na kuambiwa wawaache wake zao, waligoma karibu na Ravine, wakarudi Busoga na kuishika ngome ya Luba. Umwagaji damu uliofuata, baina yao na Macdonald aliyekuwa na Masingasinga na askari wa Kiswahili, ulikuwa mkali.

Wapo pia Wasudani waliofika kwetu kwa njia nyingine. Mjerumani Wissmann aliwaandika mamia huko Misri mwaka 1889 aje nao kupigana na Abushiri bin Salim katika pwani ya Tanganyika, na kampuni ya Waingereza nayo iliwachukua wengine kutoka Misri kuja Mombasa. Baadhi ya hao yawezekana waliwahi kuvaa sare ya Misri katika miaka ya 1880, kabla ya Karari. Walikuja na maneno yao: ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajenti, na efendi, ambalo leo kila polisi na mwanajeshi wa Afrika Mashariki analitamka kama afande.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa na wazee, hasa akina bibi, na usitaje jina la Macdonald hata kidogo. Uliza tu ni miji gani iliyokuwa ikitajwa katika hadithi za babu. Wakitaja Wadelai, Kavalli, Toro au Busoga, babu yako alikuwa mtu wa Ikweta, na huyo Macdonald alikuwa mhandisi, ama bwana wake au adui yake. Wakitaja Suakin, Wadi Halfa, Aswan au Kairo, alipita Misri, nawe niandikie tena, kwa maana hapo tutaanza kuuliza alikuwa batalioni gani, na mwaka gani aliiacha.